HAKI YA MGONJWA ASIYE NA MSEMAJI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba siha na maradhi, na akateremsha dawa kama alivyoteremsha ugonjwa. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu,

Mara nyingi katika karatasi hii tumeandika juu ya makosa ya watu wengine. Tumewaonya wanaofunga hirizi wakaacha dawa, na wanaotoa mali nyingi katika matanga hali ya kuwa mayatima wa maiti wanalala na njaa. Leo twaandika juu ya kosa letu sisi wenyewe, watu wa darsa, ili lisirudiwe, na ili kila msomaji ajitazame nafsi yake.

Darsa yetu ina mlinzi wa usiku. Ni mtu mzima aliyenizidi umri, Mkamba wa kusini mwa Kitui, na dini yake ni Ukristo. Kwa miaka tisa amelinda vitabu vyetu na viatu vyetu, wala hakikupotea hata kimoja. Mwaka juzi, siku moja baada ya sala ya adhuhuri, nilimkuta amesimama mlangoni, kofia mkononi, naye si saa yake ya kuwapo. Akaniambia: "Maalim, nimepigiwa simu. Mama watoto ameumwa na nyoka."

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mkewe alikuwa akiokota kuni wakati wa magharibi, akamkanyaga bafe. Majirani wakamfunga mguu kwa kitambaa, wakakaza sana, wakamwekea juu ya jeraha lile jiwe jeusi ambalo watu husema kuwa lanyonya sumu, wakangoja kuche. Asubuhi akapakiwa kwenye pikipiki mpaka kituo cha karibu, na huko haikuwapo dawa ya sumu ya nyoka. Wakaambiwa waende mbele. Na kwenda mbele kulitaka fedha za gari, na fedha za kutanguliza.

Mlinzi wetu hakuomba sadaka. Aliomba mkopo, akatwe katika mshahara wake mpaka uishe.

Usiku ule, baada ya isha, tulikutana. Mmoja akasema kuwa sanduku la darsa ni la vitabu. Wa pili akasema kuwa mali ya Waislamu ni ya Waislamu. Wa tatu akasema kwamba watu wa kanisa lake wapo, na wao ndio wa kwanza kutazamwa. Nami niliyekaa mbele yao, ambaye neno langu lingeliweza kukata shauri, nikasema: "Na tutazame kwanza vitabuni." Tukatazama kwa masiku matatu. Siku ya nne tukapeleka fedha, na mguu wa yule mama ulikuwa umekwisha kukatwa chini ya goti.

Mtu anaweza kusema kwamba huenda mguu ule ungelikatwa hata lau tungeliwahi. Huenda. Lakini mbele ya Mola wetu hatutaulizwa juu ya mguu, tutaulizwa juu ya zile siku tatu.

JIRANI ZETU NI NANI?

Baada ya hayo niliona haya kukaa Mombasa nikamwamkia mume wake kila jioni kana kwamba hapana lililopita. Nikasafiri naye kwenda kumtazama mgonjwa. Tulishika njia kuu ya Nairobi, tukapita Mtito Andei mpaka Kibwezi, ambayo ni katika kaunti ya Makueni. Na hapo tukakunja kulia kwa barabara ya Mutomo na Kitui, ambayo sasa ina lami. Baada ya Kibwezi tulivuka Mto Athi. Nikamwuliza mwenzangu maji haya yaenda wapi, akacheka, akaniambia: "Maalim, haya yaenda kwenu." Na ndivyo yalivyo. Mto huo huo ukishuka huitwa Galana, kisha Sabaki, na humwaga maji yake katika bahari yetu karibu na Malindi. Sisi twauona mwisho wake tu.

Wala si maji peke yake. Kabla ya reli, katika karne ya kumi na tisa, misafara ya Wakamba ndiyo iliyokuwa ikileta pembe za ndovu Mombasa, na baadhi yao wakabaki na kufanya maskani katika nchi za Rabai na Kwale, nao wapo hata leo. Mji wa Sultan Hamud, ulio juu ya njia ya reli upande wa Makueni, umeitwa kwa jina la Sayyid Hamud bin Muhammad, mtawala wa Unguja. Na leo ni nyumba ngapi za miji yetu ya pwani ambazo mpishi, au yaya, au mlinzi, au mchukuzi wa bandarini ni mtu wa Kitui au Makueni? Mtu anayekulelea mwanao na kukulinda usiku si mgeni kwako. Ni jirani, na haki ya jirani katika dini yetu haikuwekewa sharti ya kabila.

Sasa itazame nchi yao. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, Mombasa ilikuwa na watu 1,208,333, na Kitui ilikuwa na watu 1,136,187. Idadi hizo zakaribiana. Lakini ardhi ya Mombasa ni kilomita za mraba kama 220 tu, na ya Kitui ni zaidi ya 30,000. Yaani nchi iliyo kubwa kuliko yetu zaidi ya mara mia, na watu wake wametawanyika juu yake. Makueni nayo ina watu 987,653 katika kilomita za mraba kama 8,000. Basi daktari mmoja katika mji wetu, mgonjwa humwendea kwa miguu au kwa tuktuk. Daktari huyo huyo akipelekwa Kitui, mgonjwa wake yuko mbali naye mwendo wa kutwa. Kugawa sawa kwa hesabu ya vichwa si kugawa kwa uadilifu, kwani aliye mbali akipewa sawasawa na aliye karibu, amepunjwa.

Na umaskini huko una maradhi yake. Mwaka 2004, kati ya Januari na Julai, watu 317 waliugua, na 125 katika hao wakafa, walio wengi ni wa Makueni na Kitui, kwa sababu ya mahindi waliyokula. Mahindi hayo yaliwekwa yakiwa na unyevu, yakaota kuvu, na kuvu likafanya sumu inayoharibu ini, nayo huitwa sumukuvu. Watu hao hawakula uchafu kwa ujinga tu. Ulikuwa ni wakati wa njaa, na aliye na njaa hana la kuchagua. Mwenye nacho angeliyatupa mahindi yale akanunua mengine.

Kadhalika nyoka. Anayeumwa na nyoka ni mchunga mbuzi, ni mwanamke aokotaye kuni, ni mtoto alalaye chini. Si mtu wa ghorofani. Ndiyo maana maradhi haya yalisahauliwa muda mrefu, hata Shirika la Afya Duniani lilipoyatia katika orodha ya maradhi yaliyotupwa mwaka 2017, na likaweka nia ya kupunguza kwa nusu vifo na vilema vyake ifikapo mwaka 2030. Waliotupwa khasa si maradhi, ni wenye maradhi.

YALIYOKWISHA KUJARIBIWA

Tusidhani kwamba watu wa huko wamekaa wakingoja huruma yetu. Wao wamefanya mambo ambayo sisi hatujayafanya.

Mwaka 1989 serikali ya Kenya iliwatoza wagonjwa sehemu ya gharama katika hospitali zake, na maskini wakaanza kukaa na maradhi yao nyumbani. Mwaka 2004 ada hiyo ikashushwa, ikawa shilingi 10 katika zahanati na shilingi 20 katika kituo cha afya; na mwaka 2013 ikaondolewa kabisa katika vituo hivyo vidogo. Katika mwaka huo huo wa 2004, waziri wa afya, Bibi Charity Ngilu, ambaye ni mtu wa Kitui, alipeleka Bungeni mswada wa bima ya afya kwa watu wote. Bunge likaupitisha, lakini Rais Mwai Kibaki hakuutia sahihi, na jambo likalala.

Baada ya Katiba ya 2010, kazi ya hospitali nyingi iliingia mikononi mwa kaunti. Mwaka 2016 Makueni, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, ilianza mpango wake: kila nyumba ilitoa shilingi 500 kwa mwaka, na mume, mke na watoto wakatibiwa katika hospitali za kaunti bila ya kutozwa tena. Baadaye Bibi Ngilu, alipokuwa Gavana wa Kitui baina ya 2017 na 2022, naye akatoa mpango wa shilingi 1,000 kwa nyumba kwa mwaka.

Tuwaze jambo hili, ndugu zangu. Makueni si kaunti ya matajiri. Ni nchi ya maembe, mbaazi na ndengu, na mvua yake haina ahadi. Lakini watu wake waliweza kukusanya kidogo kidogo, mzima akamchukulia mgonjwa, na wa leo akamchukulia wa kesho. Mzee mmoja niliyezungumza naye Kibwezi alinieleza hivi: "Mwaka wa kwanza nilitoa mia tano, na hapana aliyeugua nyumbani kwangu. Mke wangu akasema nimetupa pesa. Nikamwambia, sikutupa, zimemtibu mtu." Nami niliona haya kusikia fiqhi ya namna hii kwa mtu asiyekuwa wa dini yetu, hali sisi tuliosoma milango ya muamala tulikuwa tumeshindwa kufungua kisanduku kimoja.

WANAOBAKI NJE YA MLANGO

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 nchi nzima imeingia katika sheria mpya ya bima ya afya ya jamii, iliyopitishwa mwaka 2023. Mfuko wa zamani wa hospitali umeondolewa. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wa nyumba yake, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, naye hutakiwa kulipia mwaka mzima, yaani shilingi 3,600. Aliyejiandikisha hutibiwa bure katika zahanati na vituo vya afya. Lakini akihitaji kulazwa au kupasuliwa katika hospitali kubwa, sharti awe amelipa.

Nia ya sheria hii ni njema, nayo yategemea kanuni ile ile ya watu kuchukuliana. Lakini haki iliyoandikwa yaweza kumkosa mwenyewe. Nilipofika katika hospitali alimolazwa yule mama, nilimwona bibi kizee amekaa kwenye benchi tangu asubuhi. Hakujua Kiswahili wala Kiingereza, Kikamba tu. Kijana wa dirishani alimtaka kitambulisho, na kitambulisho kilipotea siku nyingi. Alimtaka nambari ya simu, na simu ni ya mjukuu wake aliyeko Nairobi. Kijana yule hakuwa mkali wala hakumtukana. Alimwambia tu: "Kaa hapo, tutaona." Na saa nane mchana bibi alikuwa angali amekaa hapo hapo. Mlinzi wetu ndiye aliyemwinukia, akamsemea kwa lugha yake, na baada ya nusu saa akaonekana na tabibu.

Hapo nilifahamu maana ya mtu asiye na msemaji. Mlango ulikuwa wazi, dawa ilikuwapo, na sheria ilikuwa upande wake. Alilolikosa ni mtu wa kusema kwa ajili yake. Walio kama yeye ni wengi: kiziwi ambaye hapana ajuaye ishara zake, kiwete ambaye hawezi kupanda pikipiki, mkulima ambaye fedha humjia mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno ya vuli, naye hutakiwa alipe wakati hana, na mwanamke ambaye hawezi kutoka mpaka mumewe apigiwe simu mjini. Na Waislamu wachache wa Kitui nao wamo: mama anayeona haya kuzalishwa na mwanamume, akanyamaza, akakaa nyumbani hata hali ikaharibika, kumbe lau angesema, pengine angelipatiwa mkunga wa kike.

Katiba yetu, katika kifungu cha 43, imempa kila mtu haki ya afya, na imekataza kabisa mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Kifungu cha 56 kimeiagiza serikali iwaangalie walio wachache na waliosukumwa pembeni, wafikiwe na maji na matibabu. Basi aombaye matibabu haombi fadhila. Anadai chake. Na mwenye kudai chake asipoweza kusema, kumsemea ni katika kutoa ushahidi wa haki, nasi tumekatazwa kuuficha ushahidi.

HUKUMU YA DINI YETU

Nayatoa sasa yale tuliyoyatafuta kwa masiku matatu, ili mwingine asipate haja ya kuyatafuta mgonjwa anapomngojea.

Zaka ya faradhi, kwa kauli ya wanavyuoni walio wengi, na ndiyo kauli ya madhehebu yetu ya Imam Shafi, hapewi asiyekuwa Muislamu. Lakini sadaka ya kujitolea yafaa apewe, na mtoaji ana thawabu. Kurani Tukufu haikutukataza kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini. Na imewasifu watu wema kwa kuwalisha maskini, mayatima na mateka, na mateka siku hizo hakuwa Muislamu. Ama kukopesha, hapana khitilafu yoyote. Mlinzi wetu aliomba mkopo, na jawabu ya mkopo tulikuwa nayo tangu usiku wa kwanza.

Sayyidna Umar (R.A.), alipokuwa akienda Jabiya katika nchi ya Sham, alipita kwa Wakristo waliopatwa na ukoma, akaamrisha wapewe katika mali ya sadaka na waandikiwe chakula chao. Hakuwauliza watu wa kanisa lao wako wapi. Mtume wetu (S.A.W.), katika vita vya Khandaki, alimweka Saad bin Muadh aliyejeruhiwa katika hema la Bibi Rufaida, msikitini, mwanamke ambaye kazi yake ilikuwa kuwauguza majeruhi. Basi uuguzi uliingia msikitini zamani, na mwanamke ndiye aliyeushika. Leo sisi twaona ajabu binti akitaka kusoma uuguzi.

Waislamu wa kale walifahamu vyema jambo hili. Nuruddin alijenga hospitali Damascus mwaka 1154, na Sultan Qalawun akajenga Cairo mwaka 1284, na wakfu wake ukawekwa kwa ajili ya wote: tajiri na maskini, mwanamume na mwanamke, mwenyeji na mgeni. Na Imam Ghazali katika Ihyaa ameihesabu elimu ya utabibu kuwa ni fardhi kifaya, akawalaumu watu wa zama zake waliosongamana katika fiqhi na mabishano, hali ya kuwa miji mingi haikuwa na tabibu Muislamu. Lau angelituona sisi, masheikh wanne katika mtaa mmoja tukibishana juu ya kisanduku, asingelipata haja ya kubadilisha hata neno lake moja.

Na maana ya fardhi kifaya, kama ijulikanavyo, ni kuwa wakitimiza baadhi, dhambi huwaondokea wote. Na wasipotimiza, wote waliokuwa na uwezo wana dhambi. Maadamu yupo mgonjwa anayekufa kwa kukosa gari, au kwa kukosa mtu wa kumsemea, faradhi hii haijatimizwa.

MANENO YA WANAOPINGA

Wako watakaosema: "Hata hapa pwani maskini wapo, tuanze na wetu." Ni kweli kuwa wapo, na aliye karibu ndiye wa kwanza. Lakini mara nyingi msemaji wa neno hili hajaanza na wake wala na wa wengine. Neno hili kwake ni kufuli, si mpango. Na yule mpishi wa Makueni aliye jikoni mwako, wako karibu zaidi ni nani?

Wako watakaosema: "Hii ni kazi ya serikali." Naam, ni kazi ya serikali, na sisi ndio tunaoichagua na kuilipa kodi. Viongozi wa Afrika walipokutana Abuja mwaka 2001 waliahidi kuitengea afya asilimia 15 ya matumizi ya serikali zao. Mkumbusheni mjumbe wenu ahadi hiyo anapokuja kuomba kura, kama mnavyomkumbusha barabara.

Na wako watakaosema: "Ajali ni kadari." Kadari tumeiamini. Lakini Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu, akatujulisha kuwa hapana ugonjwa uliowekwa illa umewekewa dawa. Kisomo ni kheri wala hatukikatai, lakini hakikuwekwa ili tuache tiba. Ama jiwe jeusi na hirizi, na kumfunga mgonjwa kwa nguvu, na kumchanja na kunyonya jeraha, hayo matabibu wameyathibitisha kuwa hayatoi sumu, bali huharibu mwili na kupoteza wakati. Aliyeumwa na nyoka atulizwe, kiungo kisitikiswe, avuliwe pete na bangili, na achukuliwe upesi pahala penye dawa.

YATUPASAYO

Kwanza, kila mwenye kumwajiri mtu nyumbani au dukani, amwandikishe katika bima ya afya, na apeleke asilimia ile ya mshahara kama sheria inavyoamrisha. Anayemkata mfanyakazi asiipeleke ameila amana, na asiyemwandikisha kabisa amemwacha uchi wakati wa shida. Msaidieni pia kuandikisha watu wake walioko nyumbani, kwani wengi wanalo jina lakini hawana anayejua njia.

Pili, darsa yetu imeweka kisanduku cha pili mbali na kile cha vitabu. Ni cha sadaka na mikopo ya wagonjwa, wa dini yoyote. Funguo ziko kwa watu wawili, na wamepewa idhini ya kutoa siku ile ile bila ya mkutano. Hesabu itasomwa kila mwezi mbele ya wote. Kila darsa na kila msikiti waweza kufanya hivyo, na mwenye shamba au nyumba aweza kuiwekea wakfu sehemu ya kodi yake.

Tatu, wapelekeni vijana wenu, wa kiume na wa kike, wakasome uuguzi, ukunga na utabibu, na wawe tayari kufanya kazi bara kama walivyo tayari kufanya kazi Ghuba. Mwaka 2023 serikali iliwatoa takriban wahudumu 100,000 wa afya wa vijijini, wanaokwenda nyumba kwa nyumba. Hao ndio wanaomjua kiziwi yuko wapi na mjamzito yuko wapi. Waheshimuni, na mdai walipwe haki yao.

Nne, ukiwa hospitalini kwa haja yako, ukamwona mtu amekaa benchini tangu asubuhi, mwulize. Kama hujui lugha yake, mtafute anayeijua. Hili halina gharama, na huenda likawa ndiyo amali yako nzito kuliko zote siku ile.

Imepokewa kwa Mtume (S.A.W.) ya kwamba Mwenyezi Mungu siku ya Kiyama atamwuliza mja wake kwa nini hakumzuru alipokuwa mgonjwa, na mja atastaajabu, aambiwe kuwa fulani aliugua, na lau ungelimwendea ungelimkuta Mola wako kwake. Kila nikiifikiri hadithi hii namwona yule mama wa Kitui. Nilipomwomba radhi kwa zile siku tatu, alinyamaza kidogo, kisha akamwambia mumewe kwa Kikamba, naye akanifasiria: "Asema umekuja mbali, ukae unywe chai." Nikakaa, nikanywa. Lakini hakusema kuwa ametusamehe, wala sikuthubutu kuuliza mara ya pili.

Ewe Mola wetu, tusamehe yale tuliyoyachelewesha, waponye wagonjwa wetu na wagonjwa wa jirani zetu, na usitufanye kuwa watu wa elimu isiyowanufaisha viumbe vyako. Amin.

Wassalaam.